Bibi wa Ng'ambo ya Mto

Kila ninapofungua kopo la rangi nyeusi ya viatu namwona baba, ingawa sikumbuki hata siku moja kumwona akipiga kiatu rangi. Yeye alivaa ndala mwaka mzima, hata ile miezi ya katikati ya mwaka ambayo baridi ya Arusha huwafanya watu watembee wamejikunyata. Rangi ilikuwa ya vinyago. Baba alikuwa mchongaji, na kazi yake ya mwisho kwa kila kinyago, baada ya tezo na patasi na msasa, ilikuwa kukipaka kiwi na kukisugua kwa kitambaa mpaka mpingo ung'ae kama mgongo wa ng'ombe aliyenyeshewa. Uani kwetu Sokon One palinuka hivyo tangu nilipopata akili: kiwi, vumbi la mti, na maharage ya mama yakichemka pembeni. Ila ninachokikumbuka zaidi si harufu yenyewe. Nakumbuka ule muda ilipopotea, nikawa naamka asubuhi nahisi nimelala nyumba ya watu.

Baba hakuwa mtu wa Arusha. Alikuwa Mmakonde, alifika huku kijana na wachongaji wenzake wakifuata watalii, akamwoa mama, Mwarusha wa juu mlimani, upande wa magharibi wa Meru, na hakuondoka tena. Kwa hiyo nilikuwa na bibi wawili. Wa kwanza alikuwa mama yake mama, tuliyemwita Koko. Huyo nilimjua kwa mikono: khanga zake zenye moshi, loshoro yake, mahindi kwa maziwa mgando, aliyonijazia kwenye kibuyu, na ndama wake aliowagombeza kwa Kimaasai kama vile ni wajukuu. Wa pili sikuwa nimewahi kumwona. Nilichorithi kwake ni jina tu. Yeye Filomena na mimi Filomena, ingawa mtaani kila mtu aliniita Mena. Nilipomuuliza baba bibi huyo yuko wapi, alinijibu vilevile siku zote, bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Bibi yako yuko ng'ambo ya mto."

Alimaanisha mto Ruvuma. Alimaanisha Msumbiji, kijiji cha karibu na pwani, alikozaliwa. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa shule ya Jumapili ya Kilutheri, na kila Jumapili tuliimba habari za mto na ng'ambo yake, na za waliotangulia wanaotungoja huko wamevaa nguo nyeupe. Sikuhitaji kufafanuliwa zaidi. Bibi Filomena alikuwa amekufa, na Shangazi Joana, dada yake baba aliyekuwa akiishi naye, alikuwa amekufa pia. Sikuhuzunika, maana sikuwajua. Nilijivunia tu kidogo kuwa na jina la mtu wa mbinguni.

Kitu kimoja tu kilipaswa kunishtua na hakikunishtua. Mara kwa mara baba alichukua simu, akapanda juu ya rundo la mawe nyuma ya choo ambako mtandao ulikuwa mzuri, akaongea Kimakonde kwa sauti kubwa na kucheka peke yake. Akishuka alisema, "Nilikuwa naongea na bibi yako." Mimi nilidhani anasali. Mchungaji wetu naye alikuwa akifumba macho na kupaza sauti akiongea na walio juu, na hakuna aliyemshangaa.

Siku habari za kimbunga zilipofika, kwetu kulikuwa kweupe. Mlima ulionekana wote mpaka kileleni, mama alikuwa ameanika nguo, na redio ya jirani ikasema upepo mkubwa umepiga pwani ya kaskazini ya Msumbiji, umeng'oa mapaa na kuzamisha vijiji. Baba alikuwa ameinua tezo. Hakulishusha juu ya gogo. Aliliweka chini taratibu, akachukua simu, akapanda kwenye mawe yake.

Nilisikia kutoka chini yule mwanamke wa kwenye simu akimwambia kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Baba akapiga tena, na yule mwanamke akarudia maneno yake kwa upole uleule. Ikawa hivyo siku hiyo, na kesho yake, na wiki nzima. Nilimchukia yule mwanamke. Nilidhani ndiye aliyeketi mlangoni mwa mbinguni na sasa ameamua kumzuia baba yangu.

Mama ndiye aliyesema aende kwenye ofisi ya chama cha msaada, kule mjini.

"Wale si wa kutoa damu na kufunga bandeji kwenye mechi?" baba akasema.

"Wanatafuta na watu pia. Mwenzangu sokoni walimtafutia mjomba wake aliyepotea vitani huko Kongo. Nenda, Baba Mena. Kukaa juu ya mawe hakukusaidii."

Akaenda. Akarudi akasema mtu atakuja. Na Jumamosi iliyofuata nikasikia hodi. Nilikuwa karibu na mlango kuliko wengine. Alikuwa dada mrefu, amevaa koti la chama juu ya gauni la maua, na viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi kama mtu aliyetembea sana.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Hapa ndipo kwa akina Filomena? Nimekuja habari ya kumtafuta."

"Ni mimi."

Akacheka, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Basi kazi yangu imeisha mapema leo." Kisha akamwona baba akitoka chumbani, na kicheko kikamtoka usoni. Akamwamkia kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, kama mtu anavyomwamkia aliyefiwa.

Aliitwa Nembris. Aliishi Terrat na kazi yake ilikuwa kusuka nywele kwenye saluni moja ya Njiro, kwa wanawake wanaokuja na magari yao. Jumamosi mchana alifunga kazi yake ya kusuka na kuanza hii ya chama, ambayo hakulipwa. Siku ile alikaa kwenye kigoda cha baba, akauliza mengi kwa sauti ya chini. Jina la mama ni nani. La dada ni nani. Kijiji kiko upande gani wa barabara. Nyumba ilikuwa ya matope au ya matofali. Mara ya mwisho kuongea nao ilikuwa lini.

"Jumapili kabla ya upepo," baba akasema. "Mama aliniambia mihogo imekubali mwaka huu."

Kabla ya kuondoka alisema maneno ambayo mama alikuwa akiyarudia miaka mingi baadaye. "Baba Mena, nitakuambia ninachokijua. Nisichokijua nitakuambia sikijui. Sitakuletea maneno ya kukupoza moyo." Akatueleza njia ambayo ujumbe ungepita: kutoka kwake kwenda kwa wenzake Dar, kutoka Dar kwenda kwa chama cha kule, na kutoka huko kwa watu wa kujitolea kama yeye, wanaotembea kwa miguu kijiji kwa kijiji na kambi kwa kambi wakiuliza.

Nilimtazama akiondoka nikiwa nimejaa heshima ambayo sikuwa nayo hata kwa mwalimu mkuu. Nilikuwa nimeelewa kwamba chama hiki kina watu wake mpaka mbinguni.

Jumamosi iliyofuata akaja, akasema, "Bado." Iliyofuata hivyohivyo. Mvua za masika zilianza, barabara ya kwetu ikawa tope, naye akaja na viatu mkononi akasema, "Bado." Siku moja mama alimhurumia.

"Nembris mwanangu, si ungetupigia tu? Kutoka Njiro mpaka hapa na mvua hii, kuja kusema neno moja?"

"Neno lenyewe ni zito, Mama Mena. Mtu akiambiwa bado, ni vizuri asiambiwe akiwa peke yake."

Na hakuwa na haraka ya kuondoka akishalisema. Alinikalisha katikati ya magoti yake, akanifumua na kunisuka upya, twende kilioni, kwa sababu shule yetu haikuruhusu mtindo mwingine. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya mama. Huku akinisuka alimweleza baba mambo aliyoyasikia kutoka kwa wenzake wa kule: kwamba wanatoa tope visimani ndoo kwa ndoo na kuviwekea dawa ili watu waache kuugua tumbo, kwamba wamefunga maturubai mahali pa mapaa, kwamba wanapika uji kwenye madarasa yaliyobaki. "Na wengi wao, Baba Mena, nyumba zao wenyewe zimeondoka. Asubuhi mtu anatoka chini ya turubai lake anakwenda kumfungia mwenzake turubai."

Baba alikuwa akisikiliza huku akisugua kinyago kilichokwisha kusuguliwa. Nadhani maneno hayo yalimfanya aamini kwamba huko anakokufikiria usiku kucha kuna mikono ya watu, si maji na upepo tu.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo Nembris hakuja peke yake. Alifuatana na mzee mmoja mwenye koti kama lake. Mimi nilikuwa barabarani nikicheza rede na wenzangu, nikawaona wanakuja, nikakimbia nyumbani kwa furaha nikipiga kelele, "Leo wamekuja wawili! Wamekuja wawili!" Kwa akili yangu, mtu mmoja huleta neno dogo, na watu wawili huleta kubwa. Niliingia ndani kutafuta vikombe viwili vya maua, vile vya wageni. Nilipotoka navyo nikamkuta baba amesimama katikati ya uwanja, mikono imening'inia, na hakuna mtu aliyekuwa amesema lolote. Yeye alikuwa amekwisha kujua, tangu nilipopiga kelele.

Nembris alivua viatu. Akakaa chini kwenye mkeka, wala hakutaka kigoda, akangoja mpaka baba naye alipokaa.

"Baba Mena, ni habari ya dada yako. Joana amefariki."

Baba akaitikia kwa kichwa. Kisha akaeleza polepole. Ukuta wa jikoni ulimwangukia usiku wa upepo. Majirani walimtoa asubuhi, wakamzika karibu na kanisa, na watu wa chama wamezungumza na waliomzika, na kaburi wameonyeshwa. "Mama hakuwa jikoni. Alionekana asubuhi hiyo, akiwa hai. Baada ya hapo maji yalipanda, watu wakatawanyika. Alipo sasa, sipajui."

Mimi nilikuwa nimesimama na vikombe vyangu. Hakuna kilichoniingia akilini.

"Lakini Shangazi Joana si alishakufa?" nikasema. "Si yuko ng'ambo ya mto na Bibi?"

Mama alinitazama kwa jicho lililotaka kunichapa. Baba aliinua uso akanitazama pia, na sidhani kama alinisikia. Yule mzee akanyanyuka, akamshika baba mkono kama watu wanaofahamiana, wakatoka wawili kutembea kuelekea mto wa pale mtaani. Baadaye nilielewa kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Nembris akanivuta nikae karibu naye.

"Nani alikuambia walishakufa?"

Nikamweleza. Mto, wimbo, nguo nyeupe, baba akisali juu ya mawe. Mtu mwingine angecheka, hata siku kama ile. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kijiti, akachora mstari mrefu kwenye vumbi la mpingo lililojaa pale chini.

"Huu ndio mto. Unaitwa Ruvuma. Una viboko na samaki. Upande huu ni sisi, na upande huu ni nchi inayoitwa Msumbiji, ina maduka, ina shule, ina watoto kama wewe. Baba yako huwa anaongea na bibi yako kwa simu, Mena. Bibi yako hajawahi kufa. Amekuwa akilima mihogo siku zote hizo."

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Ndiyo maana namtafuta."

Sijui nieleze vipi nilivyojisikia. Kwa saa moja ile ile nilipewa bibi ambaye sikuwa naye, mwenye jembe na mihogo, na papo hapo nikaambiwa huenda hayupo. Nililia kwa mara ya kwanza tangu kimbunga kilipopiga. Mama alidhani namlilia shangazi.

Baada ya matanga baba aliacha kuchonga. Tezo lilikaa chini ya kitanda, kopo la kiwi likakauka, na harufu ya nyumba yetu ikaondoka. Alikuwa anatoka asubuhi, anakwenda kukaa na wachongaji wenzake bila kugusa kazi, anarudi. Mama aliuza ndizi mpaka jioni ili tule. Nembris alipokuja Jumamosi, baba hakumkaribisha kigoda.

"Usije tena, mwanangu. Mmefanya kazi kubwa, Mungu awalipe. Mama ni mzee, na maji yalikuwa mengi. Niache nimlie pamoja na dada yangu, nimalize."

"Nimekusikia, Baba Mena," Nembris akasema. "Jumamosi nitakuja."

"Nimesema usije."

"Kwa Joana tumepata jibu, na limekuumiza, lakini umemzika moyoni kwa sababu unajua. Kwa mama hakuna aliyejibu. Ukinifukuza nitakaa pale nje nimsuke Mena."

Na kweli Jumamosi ilipofika alikaa pale nje akanisuka. Baba alikaa ndani mlango wazi. Alipomaliza mstari wa mwisho Nembris akasema, bila kugeuka, kama mtu anayeongea na nywele zangu, kwamba kule kambini kuna wazee wengi wasiotaja majina yao. Wengine wamechanganyikiwa, wengine hawataki kuongea na mtu. "Wenzangu wanauliza kama mama ana alama."

"Ana chale," baba akajibu kutoka ndani. "Uso mzima. Na tundu la pambo la ndonya kwenye mdomo wa juu."

"Wanasema bibi wengi wa huko wanazo."

"Hazifanani!" Baba akatoka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kumsikia akipandisha sauti. "Kila mtu na zake. Za mama zinaanzia hapa, zinashuka, halafu hapa zinakutana, siyo kukutana, zinapishana..." Alikuwa anajichora kwa kidole kwenye shavu lake mwenyewe, akakosea, akafuta kwa kiganja kana kwamba kweli pamechafuka, akaanza tena. Maneno yakamwishia. Kisha akaingia ndani, akainama chini ya kitanda, akatoka na tezo.

Alichagua gogo dogo la mpingo alilokuwa akilitunza kwa ajili ya mteja mzuri, akakaa nalo uani asubuhi mpaka giza. Mimi nilikuwa nikitoka shule nakimbia moja kwa moja kwenda kumwona. Nilishuhudia paji la uso likitokea, kisha macho yaliyozama kidogo, kisha pua, kisha mdomo wenye tundu lake, na mwisho kabisa, kwa ncha ya patasi nyembamba, chale moja baada ya nyingine. Akikosa uhakika alifumba macho na kupapasa hewa kwa vidole, kama anamshika mtu usoni. Hivyo ndivyo nilivyomwona bibi yangu kwa mara ya kwanza, akitoka taratibu kwenye mti. Alipokipaka kiwi na kukisugua, mama alisimama jikoni na mwiko mkononi, akavuta pumzi ndefu, akasema tu, "Karibu tena."

Nembris alikipiga picha kwa simu yake, mbele na pembeni zote mbili, mchana wakati jua ni zuri. Akatuma. Akasema, "Sikuahidi kitu." Baba akasema, "Najua."

Nembris alirudi kabla ya Jumamosi. Ilikuwa siku ya kazi, na alikuwa bado amevaa aproni ya saluni, ina nywele za mtu zimeng'ang'ania. Alikuwa amekimbia. Alisimama mlangoni akihema, nami nikahesabu haraka watu nyuma yake. Alikuwa peke yake.

"Baba Mena, kaa chini."

"Sema nimesimama."

"Wamempata. Mzima."

Baba hakukaa na hakuanguka. Aliushika mlango. Nembris ikabidi aeleze haraka kwa sababu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Kambini walikuwa naye siku zote. Kijijini alijulikana kwa jina moja tu, Mama Joana, lakini pale kambini hapakuwa na mtu wa kijiji chake, na tangu Joana azikwe hakutaka kuliitikia hilo wala lingine. Alikuwa hasemi na mtu. Alikula akipewa, alilala akionyeshwa mahali. Dada mmoja wa kujitolea wa kule, aliyekuwa akipita na ile picha kwenye simu, alimkalia karibu akamwonyesha kama alivyowaonyesha wengine. Bibi akaitazama muda mrefu. Akaichukua simu mkononi, akaisogeza machoni, akaisogeza mbali.

"Halafu akasema hivi," Nembris akasema, akabonyeza simu yake. Yule dada alikuwa amerekodi.

Sauti ilitoka nyembamba, yenye mikwaruzo, Kiswahili chake kikipandishwa na kushushwa mahali ambapo sisi hatupandishi. "Pua hii si yangu. Mimi sina pua pana hivi. Mwanangu Anjelo siku zote hukosea pua."

Baba alicheka. Alicheka kwa sauti niliyokuwa nikiisikia kutoka juu ya mawe, kisha kicheko kikageuka, akakaa kizingitini akalia kama mtoto, na mama akaja akamshika kichwa. Mimi nilitoka mbio mpaka barabarani. Nilitaka kumwambia mtu, na wa kwanza niliyekutana naye alikuwa muuza maziwa na baiskeli yake. Nikamwambia bibi yangu alikuwa amekufa na sasa hajafa. Akasimamisha baiskeli, akavua kofia, akasema, "Bwana asifiwe."

Waliongea kwa simu siku iliyofuata, kwa simu ya yule dada wa kule. Walipomaliza mambo yao ya Kimakonde, ambayo yalikuwa marefu na yenye vilio vya kumlilia Joana katikati, baba akanipa simu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mimi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Umekula?"

"Ndiyo."

"Basi vizuri. Mimi pia nimekula." Nikasikia nyuma yake nyundo zikigonga na watu wakiitana. "Unasikia kelele hizo? Vijana wa chama wananipigilia paa. Ngoja niende niwasimamie, wasije wakalipinda."

Baba alisafiri mwezi uliofuata. Wachongaji wenzake walimchangia nauli, na barua ya chama ilimrahisishia kivukoni. Alikaa huko mpaka mihogo mipya iliposhika. Aliporudi amekonda na ameungua jua, habari zake zilikuwa za watu kuliko za uharibifu. Alituambia kwamba chama kilikuwa kimegawa vichwa vya majembe na mbegu, lakini miti ya kukata mipini ilikuwa ya kutafuta mbali, kwa hiyo naye akajiunga nao. Wao walileta miti, yeye akachonga mipini, kijiji kizima, mpaka viganja vikapasuka. Jioni alikaa pamoja na wale vijana waliokuwa wamepoteza nyumba na bado hawajajijengea. Alisema alimuuliza mmoja wao kwa nini hajaanza na paa lake. Yule kijana alimjibu kwamba kijiji kikiwa na mapaa, hata yeye hatakosa pa kulala. Baba alilieleza hilo akitikisa kichwa, na aliendelea kulieleza kwa kila mgeni aliyekuja kwetu.

Alimwomba mama yake waje pamoja Arusha. Bibi alikataa. Alisema baridi ya huku ameisikia kwenye simu, na isitoshe, nani atapalilia kaburini kwa Joana?

Akaishi miaka kadhaa baada ya hapo. Nilikwenda kumwona mara moja, likizo ya shule, tukakaa kibarazani pake tukimenya mihogo, naye akinifundisha Kimakonde kwa kunicheka. Ninazijua chale zake kwa vidole. Alipokufa, usingizini, juu ya mkeka wake mwenyewe, mimi nilikuwa msichana mkubwa, na nililia kilio cha mjukuu anayemjua anayemlilia.

Tuliweka matanga Sokon One, kwa kuwa baba hakuwahi maziko. Ndugu za mama walishuka kutoka mlimani, Koko akiwa mbele na fimbo yake. Nembris alikuja na mtoto mgongoni, amebeba sufuria la makande kichwani. Hakuna aliyekuwa amemwita. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akakunja gauni, akaanza kuosha vyombo. Mama mkubwa mmoja, ambaye hakumjua, alimtazama, kisha akamgeukia baba.

"Yule binti ni nani yenu?"

Baba alifikiri kidogo. Alikuwa mtu wa kutafuta neno kabla ya kulitumia.

"Ni mtoto wa mama yangu," akasema.

Mama mkubwa akanyanyuka. Alikwenda akampokea Nembris yule mtoto mgongoni, ili aoshe vizuri.